Poda na Jivu

Nazijua nyuso zao kuliko wanavyozijua wao.
Zamani za kaseti nilimpaka Leonilde dhahabu kopeni,
Baltasar nikampunguza mng'aro wa pua,
wakapanda jukwaani Porto, wasichana wakazimia.
Kisha miaka kumi na tisa ya kimya:
mizeituni, mbuzi wawili, nyumba ya mawe Vale de Cerva,
na redio ikawasahau taratibu,
kama mtu anavyosahau mwavuli.

Agosti wakanipigia: "Albamu iko tayari.
Njoo na sanduku lako."
Septemba mikaratusi ikashika moto.

Hawausimulii moto. Wanasimulia bomba,
lile jekundu la zimamoto, kwenye kona ya kanisa.
Baltasar alilifungua kwa spana iliyokwisha kupata moto.
Likakohoa mara mbili, likatema kutu,
likanyamaza kama shahidi aliyehongwa.
Nyumba arobaini na moja. Watu sita.
Piano ilibakiza nyuzi tu, zimejisokota
kama nywele zilizoachwa kwenye chanuo.

Wahenga walisema moto huzaa jivu.
Hawakusema jivu huzaa nini.

Lilizaa mauzo.
Wimbo waliourekodi Aprili, wa mapenzi, wa kijinga kidogo,
wa mtu arudiye nyumbani akakuta taa inawaka,
ulipanda hadi namba moja wiki ya tatu.
Nchi nzima ililia ndani ya magari yake.
Leonilde akaniuliza kupitia kioo:
"Wananunua wimbo, au wanatutupia sarafu?"
Sikujibu. Nilikuwa na pini mdomoni.

Lisbon, kwenye televisheni, kijana mwenye soksi za njano
akatugawia muda: dakika tatu na nusu za wimbo,
sekunde arobaini za mkasa.
"Na siasa, tafadhali, hapana."
Walibishana mbele yangu, shingo zimefungwa taulo.
Yeye: benki haingoji haki, tuimbe, tulipe, tujenge.
Mkewe: Eufrásia ana miaka themanini na moja,
analala kwenye ukumbi wa shule, chini ya kikapu cha mpira.
"Bila wimbo nani atatusikiliza?"
"Na tukiimba tu, tutakuwa tumesema nini?"
Kopo la poda likaanguka kati yao.
Hakuna aliyeliokota.

Wapo waliosema wanauza majivu kwa kibaba.
Mimi niliwaona Jumatano moja, bila kamera,
na faili la kurasa mia mbili, ofisi ya halmashauri,
foleni namba themanini na tatu.
Karani aliomba saini yao kwa furaha.
Si kwenye faili. Kwenye kifuko cha simu ya binti yake.

Usiku wa kipindi nilitaka kulifunika kovu
la kiganja cha Baltasar, jekundu, lenye umbo la spana.
"Hilo liache," Leonilde akasema,
kwa sauti ambayo sikuwahi kuipaka rangi.

Sekunde arobaini zikafika. Hakusimulia mkasa.
Alisoma namba za mabomba:
Kumi na saba, kavu. Kumi na nane, kavu.
Ishirini na mbili, halipo kabisa, lipo kwenye ramani.
Soksi za njano zilirukaruka nyuma ya kamera.
Kisha wakaimba, na sitawasifu bure:
sauti ya Baltasar ilikwama ubeti wa pili,
Leonilde akaruka kiitikio kizima.
Tangu niwajue hawajawahi kuimba vibaya vile.
Nililia hadi nikaharibu wanja wangu mwenyewe.

Asubuhi Eufrásia alipiga simu.
"Nimewaona. Mmekonda. Na maji je?"
"Bado," Baltasar akasema.
"Haya. Kuleni basi."

Ziara inaanzia Braga, mwezi ujao, tiketi zimekwisha.
Mafundi wa maji hawajapangiwa tarehe.